Nani alipita bustanini usiku? Mwongozo kamili wa kumtambua mnyama wa porini kwa kinyesi chake

Wengi wanaoniletea picha ya kinyesi na kuuliza "huyu ni mnyama gani?" hukwama mahali pamoja: wameangalia umbo tu. Mavi ya digidigi yanafanana na ya mwanambuzi. Mbwa aliyekula mifupa huacha mavi meupe, na kesho yake kijiji kizima kinazungumzia fisi. Kinyesi cha nyani kikikauka, anayesingiziwa ni mtoto wa jirani.

Umbo peke yake ni ushahidi dhaifu. Fuata mpangilio huu: mahali kilipo, kimekaaje, umbo na ukubwa, kilichomo ndani, halafu nyayo na uharibifu. Ukiruka hatua utamlaumu asiyehusika, na mara nyingi anayeonewa ni fungo, ambaye kuna wanaomwita ngawa. Amekuja kuokota jongoo na mapera yaliyodondoka, anategewa sumu kwa mihogo iliyochimbwa na nungunungu.

## Andaa hivi kwanza

- Glavu za mpira na barakoa
- Vijiti viwili vikavu vya kupasulia, ambavyo utavichoma baadaye
- Rula, ukikosa, kiberiti ulichokwisha kukipima urefu
- Simu yenye kamera
- Chujio kuukuu la chai ambalo halitarudi jikoni kamwe
- Gazeti, maji na sabuni
- Bahasha za karatasi au pakiti tupu za unga za kuwekea sampuli. Kinyesi kibichi kikifungwa kwenye plastiki kinaota ukungu upesi
- Mchanga laini uliochekechwa, ndoo moja au mbili
- Daftari

## Kabla hujagusa chochote

Usikishike kwa mkono mtupu, usikinuse kwa karibu, na usikipasue kikavu mbele ya uso. Mbwa na jamii yake, mbweha akiwemo, wanaweza kubeba tegu ambalo mayai yake yakiingia kinywani mwa mtu huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Waulize watu wa Turkana, ugonjwa huo wanaujua. Panya nao hueneza homa ya mgunda kwa mkojo, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Popo wakikaa darini muda mrefu, kinyesi chao huotesha kuvu, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Kwa hiyo, chini ya dari au ghalani usifagie pakavu. Nyunyizia maji yenye klorini kidogo, subiri paloe, ndipo uokote. Mjamzito asishughulike na kazi hii kabisa, hasa pale ambapo paka wanapita.

Onyo la pili ni kwa walio karibu na hifadhi au mto: ukikuta kinyesi kikubwa cha tembo au kiboko kinachong'aa kwa unyevu, bado kina joto, acha uchunguzi. Mwenyewe hayuko mbali. Rudi nyumbani, uje jua likishapanda.

## Hatua ya 1: Waondoe wa nyumbani

Anza na mifugo, yako na ya jirani. Nani ana mbuzi? Nani hafungi mbwa usiku? Ukiruka hatua hii, utatumia wiki nzima kumwinda paka wako mwenyewe.

Paka huchimba na kufukia, na tuta jipya la mchicha ndilo choo anachokipenda kuliko vyote. Mbwa huacha wazi. Akilishwa ugali na dagaa, kinyesi chake kinakuwa laini, cha rangi moja, bila manyoya. Hayo manyoya yashike akilini: mla nyama wa porini humeza windo lake na nywele zake, kwa hiyo kinyesi chake karibu kila mara kina nywele zilizosokotana. Cha mbwa wa nyumbani huwa nazo mara chache.

Ondoa pia wadudu. Punje ndogo nyeusi juu ya jani la kabichi ni za viwavi. Geuza jani utawaona. Ule ungaunga unaojaa kwenye moyo wa mhindi ni wa viwavijeshi, na hao ni habari nyingine.

## Hatua ya 2: Piga picha kikiwa mahali pake

Nenda asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja, kabla kuku hawajafunguliwa. Kuku hupekua, mbawakawa huviringisha na kufukia, na jua hubadilisha rangi. Kinyesi cha fisi, kwa mfano, kikiwa kibichi kina ukijani. Kikikauka kinakuwa cheupe kwa sababu ya chokaa ya mifupa aliyotafuna. Aliyekiona asubuhi na aliyekiona siku ya tatu watakuelezea wanyama wawili tofauti.

Piga picha tatu: moja ya mbali inayoonyesha mazingira, moja ya juu moja kwa moja yenye rula, na moja ya ubavuni. Picha isiyo na kipimo haina faida. Punje ya nusu sentimita na ya sentimita tatu zikijaza kioo cha simu zinaonekana sawa.

Hatua hii imekamilika pale mtu ambaye hakufika bustanini anapoweza kukuambia, kwa picha zako tu, kinyesi kilikuwa wapi na kilikuwa kikubwa kiasi gani.

## Hatua ya 3: Soma mahali

Wanyama wengi hawajisaidii ovyo. Wapo wenye choo maalumu wanachokirudia, na choo hicho ni alama ya mpaka.

Rundo la punje ndogo linalorudiwa kila siku mahali palepale, pembezoni mwa kichaka, ni la digidigi. Huishi wawili wawili, na marundo hayo huwatangazia wengine kwamba eneo lina wenyewe. Sungura pori yeye huacha punje zimetapakaa hapa na pale anapokula.

Fungo naye ana choo chake, kwa kawaida kando ya njia, na kinyesi kipya hukaa juu ya cha zamani. Kanu, mnyama mwembamba anayefanana na paka, anapenda mahali palipoinuka: juu ya jiwe, kwenye ukuta, hata juu ya bati la banda. Nguchiro wanaoishi kwa kundi hujisaidia pamoja karibu na shimo au kichuguu wanamolala.

Pimbi ni rahisi kuliko wote. Tafuta mwamba wenye michirizi myeupe inayoteremka, hiyo ni chumvi ya mkojo wao iliyoganda miaka na miaka. Punje zao zitakuwa chini yake au kwenye nyufa.

Chini ya ukingo wa paa ni popo, mjusi au panya. Chini ya mti mkubwa wenye matawi wazi, angalia kama ni bundi. Kiboko hutikisa mkia wakati wa kujisaidia na kutawanya kila kitu, hivyo utakuta majani ya kichaka yamerushiwa mavi hadi usawa wa kiuno. Wanaoishi Naivasha, Kilombero au Rufiji hawahitaji kuambiwa.

## Hatua ya 4: Liweke umbo kwenye kundi lake

Hapa usitafute jina la mnyama. Tafuta kundi tu.

Punje au golori. Ni walaji majani na wagugunaji: mbuzi, digidigi, paa, sungura, pimbi, panya wa aina zote na nungunungu. Punje za mbuzi na paa ni nyeusi, laini, mara nyingi zina ncha upande mmoja. Za sungura ni za mviringo uliobonyea kidogo, kama sentimita moja, rangi yake hafifu, na ukiziponda zinabomoka kuwa vipande vya nyasi. Za ndezi, yule panya mkubwa wa nyasini, ni ndefu kiasi na zina mfereji mmoja wa urefu upande wa tumboni. Za nungunungu ndizo kubwa: zimechongoka, sentimita nne hadi sita, zimejaa nyuzi za magome na mizizi. Hukaa kwa mkupuo, na nyingine zimeshikana kwa uzi mmoja mfano wa tasbihi.

Soseji iliyosokotwa, yenye ncha. Ni wala nyama na wala vyote: fungo, kanu, nguchiro, kicheche, mbweha, fisi, chui. Pima unene wala usipime urefu, maana urefu hukatika ovyo. Cha kanu ni chembamba, hakifiki unene wa kidole gumba cha mtu mzima. Cha fungo ni kinene kupita kiasi ukilinganisha na mwili wake, na ndiyo maana watu humdhania mnyama mkubwa zaidi.

Vipandevipande vilivyobanana. Ni nguruwe pori, tumbili na nyani. Cha nguruwe pori kinafanana sana na cha nguruwe wa kufugwa ila kina nyuzi na udongo zaidi. Cha nyani kinakaribia cha binadamu kwa ukubwa na harufu.

Yenye doa jeupe. Ni ndege, mjusi, kenge na nyoka. Ule weupe ndio mkojo wao, ambao hutoka mgumu pamoja na kinyesi. Kidonge cheusi chenye kichwa cheupe dirishani ni cha mjusi, na hana ubaya, anakula mbu wako. Kipande kikubwa chenye chokaa karibu na banda la kuku ambako mayai hupotea ni cha kenge.

Mabonge makubwa. Bonge la tembo lina kipenyo cha sentimita kumi hadi ishirini, na ndani yake utakuta matawi, magome, hata mbegu nzima.

## Hatua ya 5: Pasua uone ndani

Kazi yenyewe iko hapa. Vaa glavu na barakoa, kaa upande upepo unakotoka, na upasue kwa vijiti viwili juu ya gazeti.

Swali la kwanza: nyuzi ni ndefu au zimesagika? Ng'ombe, mbuzi, nyati na swala hucheua, kwa hiyo majani yanatoka yamesagika laini. Tembo, kiboko, punda, sungura na nungunungu hawacheui, hivyo utaona vipande vya nyasi au magome kwa macho. Swali hili moja linamtenga nyati na kiboko, mbuzi na sungura, bila kuhitaji utaalamu wowote.

Swali la pili: kuna nini kingine? Chukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kiweke kwenye chujio, mwagia maji kidogokidogo mpaka yatoke meupe, kisha mimina mabaki kwenye gazeti uyatenge kwa kijiti.

Ukiosha kinyesi cha fungo utaona pete ngumu, nyeusi au za kijivu, nyingine bado zimeshikana tatutatu. Hayo ni magamba ya jongoo. Wanyama wengi humkwepa jongoo kwa sababu ya majimaji yake makali, lakini fungo humla bila wasiwasi. Pembeni ya pete hizo kutakuwa na mbegu za mapera, kokwa za matunda pori, mabawa ya mbawakawa, pengine unyoya au nyasi zilizomezwa nzima. Pete za jongoo pamoja na mbegu, kwenye choo kinachorudiwa kando ya njia: mtaje kwa jina, ni fungo.

Kinyesi chembamba kilichojaa nywele za panya na mifupa midogo kinamwelekea kanu. Kilichojaa vipande vya wadudu vinavyometameta, kikiwa kifupi na karibu na kichuguu, ni cha nguchiro. Kwenye mabonde yenye maji nguchiro huacha pia magamba ya kaa. Vipande vya mifupa na vigae vya kwato vinamwelekea fisi. Mbwa hana taya zenye nguvu kama za fisi. Hapo ndipo unapomaliza ubishi wa kinyesi cheupe.

Manyoya ya kuku ndani ya kinyesi yanaonyesha nani amekula kuku. Hayaonyeshi nani amemuua. Nguchiro hula pia mabaki ya kuku aliyekufa kwa kideri na kutupwa jalalani.

### Wanaochanganywa kila siku

*Popo na panya.* Vyote vidogo, vyeusi, urefu wa nusu sentimita hivi. Bonyeza kwa kijiti. Cha popo mla wadudu hubomoka kuwa ungaunga unaometa, kwa kuwa ni mabawa matupu. Cha panya kikikauka kinakuwa kigumu na hakimeti.

*Popo wala matunda.* Hawa huacha michirizi ukutani na, chini ya mwembe au mkungu, vidonge vya nyuzi vilivyokamuliwa. Vidonge hivyo si mavi, ni makapi: popo hufyonza maji ya tunda na kutema kilichobaki. Kwa maembe yaliyong'atwa nusu ukilaumu tumbili, angalia kwanza makapi.

*Bundi.* Chini ya mti utakuta bonge la kijivu, kavu, lisilonuka, lenye nywele na fuvu zima la panya ndani. Hilo limetoka mdomoni. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika asichoweza kusaga. Wapo wanaong'oa mti kwa imani za uchawi wakimwona bundi. Mimi ningemwachia hata matawi mawili zaidi, maana hesabu mafuvu uone anakufanyia kazi gani.

*Nyani na binadamu.* Tafuta mbegu nyingi, magamba ya mahindi yasiyotafunwa vizuri na mabawa ya wadudu. Tafuta pia kinyesi kingine: nyani hawaji mmoja.

## Hatua ya 6: Linganisha na uharibifu

Kinyesi kinakuambia nani alipita. Hakikuambii aliyeharibu. Wanyama wawili au watatu wanaweza kupita bustani moja usiku mmoja, kwa hiyo tafuta ushahidi wa pili.

Kwenye mihogo na viazi, nungunungu huchimba shimo moja ubavuni na kutafuna kiazi kikiwa humohumo ardhini, akiacha mifereji ya meno mawili mapana. Mara kwa mara hudondosha mwiba. Nguruwe pori hupindua tuta zima kwa pua, hutafuna muhogo na kutema nyuzi. Fuko yeye hula akiwa chini kwa chini, na kinyesi chake hutakiona.

Kwenye mahindi, nungunungu huguguna shina chini mpaka lianguke. Tumbili huja mchana, huvunja hindi, hung'ata mara mbili na kulitupa, kisha huvunja jingine. Ndezi hukata shina kwa mshazari na kuacha vipande vifupi vilivyolingana. Mbegu ulizopanda jana zikifukuliwa moja baada ya moja bila alama, mshuku panya buku, anayejaza mashavu na kwenda kuweka akiba. Ndiyo, ni jamii ya panya wale wanaofundishwa kunusa mabomu na kifua kikuu pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Akili anayo.

Pwani usimsahau komba. Kinyesi chake ni kidogo na chenye kunata, huonekana mara chache, lakini wagema wanamjua kwa kuonja tembo la mnazi kwenye kibuyu kabla yao.

## Hatua ya 7: Tega mchanga, usubiri usiku wa pili

Mwaga mchanga kwenye njia anayopitia, eneo la mita moja kwa moja, unene wa sentimita mbili, ulainishe kwa ubao. Ukiwa mkavu mno nyayo zitabomoka, kwa hiyo unyunyizie maji jioni.

Asubuhi soma hivi:

- Vidole vinne bila kucha: paka, wa nyumbani au wa porini.
- Vidole vinne na kucha: mbwa, mbweha au fisi. Kwa fisi, nyayo za mbele ni kubwa kuliko za nyuma.
- Unyayo wa mviringo wenye kucha, mara nyingi vidole vinne tu vikionekana: fungo.
- Nyayo ndogo zinazofanana na za paka, kucha hazionekani: kanu.
- Kwato mbili butu: nguruwe pori. Kwato mbili ndogo zilizochongoka: digidigi au paa.
- Mikwaruzo ya miiba nyuma ya nyayo: nungunungu.

Kinyesi, uharibifu na nyayo vikimtaja mnyama mmoja, umemaliza. Viwili vikikubaliana na kimoja kikapingana, kuna uwezekano mkubwa kwamba wageni ni wawili, basi rudia usiku mwingine. Kama mvua ilinyesha, futa yote uanze upya, kwani mvua huosha ute, huvimbisha punje na kufanya cha juzi kionekane cha leo.

## Ukishamjua

Kwa nungunungu na ndezi, fyeka vichaka mita kadhaa kuzunguka bustani na uzike uzio wa waya chini ya ardhi, kwa sababu nungunungu huchimba. Kwa kanu na kicheche, ziba kila tundu la banda linalopitisha ngumi. Tumbili wanahitaji mtu wa kuwafukuza mchana. Sanamu la matambara wanalizoea upesi. Kwa fungo, okota tu matunda yaliyodondoka, hatakuwa na sababu ya kurudi.

Sumu usitumie. Itamuua bundi atakayemla panya, na mbwa wako atakayeokota mzoga. Wanyamapori pia wanalindwa kisheria: Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya ina ya mwaka 2013.

Akiwa ni tembo, kiboko, fisi au chui, si kazi yako kumfukuza. Tanzania, anza kwa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama hatari. Kenya, piga ripoti KWS, shirika la wanyamapori la serikali. Kote kuwili watataka ushahidi, kwa hiyo usisafishe kabla hawajafika. Zile picha tatu za asubuhi zenye rula, pamoja na tarehe daftarini, zipeleke kama zilivyo. Mabaki ya sampuli yafukie mbali na kisima na vitanda vya mboga, vijiti na gazeti vichome, kisha nawa kwa sabuni hata kama ulivaa glavu.